Mla-Kaa na Yai Lake Moja



Mama mmoja wa pande za Watamu ametuletea swali ambalo limetufurahisha. Asema kuwa kila mwaka, maji yanapokupwa katika hori la Mida, huwaona ndege wakubwa weupe wenye migongo myeusi wakitembea topeni. Miongoni mwao wamo wenye rangi ya kijivujivu, walio na kimo sawasawa na wenzao na wanaoruka vizuri kabisa, lakini kazi yao ni kuwafuata wakubwa nyuma wakilialia mpaka wapewe chakula mdomoni. Auliza: je, hao ni wagonjwa, ni wavivu, au ni ndege wa aina nyingine?

Si wagonjwa, wala si aina nyingine. Ni watoto. Ama kuhusu uvivu, tutalijadili jambo hilo, kwani lina maelezo marefu kuliko tulivyodhani.

Ndege mwenyewe tutamwita mla-kaa, kwa kazi yake. Watu wengi wa pwani huwakusanya ndege wote wa ufuoni kwa jina moja la vitwitwi, na hapana ubaya, ila kitwitwi wa kawaida ni mdogo wa kutosha kiganjani, na huyu urefu wake ni kama sentimita 40 kutoka ncha ya mdomo hadi mkia. Mwili wake ni mweupe, na mgongoni ana weusi unaoteremka kama aliyevaa kanzu nyeupe akajitupia joho jeusi juu yake. Miguu ni mirefu, ya rangi ya kijivu cha buluu, na vidole vina utando kidogo baina yao. Lakini kitambulisho chake hasa ni mdomo. Ndege wengi wa topeni wana midomo myembamba kama sindano, ya kudodosea minyoo. Mdomo wa mla-kaa ni mnene, mweusi, umenyooka kama patasi. Ukiuona mdomo ule huna haja ya kuuliza anakula nini.

Wataalamu walimpa jina la kisayansi Dromas ardeola, na aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi ni Paykull wa Uswidi, mwaka wa 1805. Neno la kwanza latokana na Kiyunani, lenye maana ya mkimbiaji. La pili ni la Kilatini, nalo ni korongo mdogo. Tangu hapo walibishana sana juu ya ukoo wake. Wengine walimweka karibu na chekeamwezi, wengine karibu na shakwe. Uchunguzi wa chembe za urithi ndio uliokuja kuonyesha kuwa jamaa zake wa karibu ni jamii moja ya ndege wakimbiaji wa nchi kavu. Hata hivyo, ndani ya ukoo wake yuko peke yake. Duniani kote hapana ndege wa pili wa familia ile.

Upweke huo si wa jina tu. Tabia zake ziko mbali na za ndege wengine wote wa topeni, na tofauti kubwa ianzia pale anapotaga.

Ndege wa ufuoni aghalabu hutaga mayai matatu au manne juu ya ardhi tupu, penye mchanga au kokoto, na mayai hayo huwa na madoa ili yasionekane. Kinda akishaanguliwa hukauka manyoya, na baada ya saa chache huwa tayari anakimbia na kujitafutia vidudu. Mla-kaa hafanyi hivyo. Yeye huchimba. Kwa mdomo na miguu huchimba mchangani njia ndefu inayoteremka kisha kuinuka kidogo, yenye urefu wa mita moja na zaidi, na mwisho wake ndipo chumba cha yai. Hawachimbi mmoja mmoja mahali mbalimbali, bali hukusanyika kwa mamia, pengine maelfu, katika kisiwa kimoja cha mchanga, mpaka ardhi ikawa na matundu kama sega la nyuki. Atembeaye juu yake bila kujua huvunja mapaa ya nyumba za watu, samahani, za ndege.

Yai lenyewe ni moja. Mara chache sana huonekana mawili. Ni jeupe pepe, bila doa hata moja, kwani gizani madoa ni ya nini? Tena ni kubwa mno ukilinganisha na mwili wa mtagaji. Visiwa hivyo ni vya nchi za joto kali, na msimu wa kutaga ni tangu Aprili hata Agosti, jua linapochoma. Juu ya mchanga yai lingeiva. Ndani ya shimo, mchanga uliopashwa moto na jua hukaa katika joto la kadiri, lifaalo yai kukua lenyewe. Watafiti waliowachunguza ndege hawa katika visiwa vya bahari ya Eritrea waligundua kuwa wazazi huweza kuliacha yai peke yake kwa muda mrefu wa ajabu, hata kufikia saa 58, wakaenda zao kutafuta chakula, na yai lisidhurike. Miongoni mwa ndege wa topeni wa dunia nzima, huyu peke yake ndiye ajulikanaye kuifanya ardhi kuwa mshirika wake wa kuatamia.

Basi mtu angesema: mzazi gani huyu mwenye raha! Yai lajitunza lenyewe. Lakini deni hilo hulipwa baadaye, tena kwa riba. Kinda wa mla-kaa huzaliwa dhaifu. Ana manyoya ya kijivu laini, macho yamefumbuka, lakini kwa siku kadhaa hawezi hata kutembea. Hukaa shimoni gizani, na wazazi humletea kaa mmoja mmoja, wakiingia na kutoka katika lile tundu refu, hasa jioni na usiku wakati jua limepoa. Ndege wengine wa topeni humwonyesha mtoto mahali pa chakula tu. Huyu humlisha kwa mdomo. Na siku kinda anapotoka shimoni na mbawa zikakomaa, kulishwa hakukomi. Wazazi huondoka kisiwani, mtoto naye huondoka pamoja nao, na huko waendako, mamia na maelfu ya kilomita, bado humlisha.

Huko waendako ni kwetu.

Visiwa vya kutagia viko katika Bahari ya Sham, Ghuba ya Aden na Ghuba ya Uajemi, pamoja na pwani za Oman: baadhi viko Eritrea na Somalia, vingine Saudia, Abu Dhabi, Kuwait na Iran. Msimu ukiisha hutawanyika. Wengine hubakia kule kule Arabuni. Katika fuo pana za Barr al Hikman, mkabala na kisiwa cha Masira nchini Oman, hukaa maelfu yao. Wengine huelekea India, Maldivi na visiwa vya Andamani. Wengine hushuka na pwani ya Afrika: Lamu, Sabaki, Mida, Unguja, Pemba, mpaka Bukini na Shelisheli. Kutoka visiwa vya Dahlak vya Eritrea hata Mida, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 2,000. Kutoka Masira ni zaidi ya 3,000.

Wazee wetu wakipima mwaka kwa pepo mbili. Majahazi ya Maskati, Sur na Hadhramaut yalikuja na kaskazi, yakarejea na kusi. Mla-kaa naye hurejea kwao Aprili, wakati kusi linapoanza kuvuma kutoka nyuma yake. Katika hilo ana akili ya nahodha. Ila kuja hangoji kaskazi. Wa kwanza huanza kuonekana kwetu mwezi wa Agosti na Septemba, kusi likiwa bado linavuma, kwa maana huja upepo ukimkabili usoni. Huruka chini chini juu ya maji kwa mstari, shingo mbele na miguu ikining'inia nyuma kupita mkia, na mtoto wa miezi michache yumo mstarini.

Turudi basi topeni, alipotuacha mama wa Watamu.

Kwa nini mtoto aliyeweza safari ile hajui kujilisha? Jibu liko katika kaa mwenyewe. Mnyoo hana silaha. Kaa ana magando mawili, ana gamba, ana shimo la kukimbilia, na ana macho yaliyosimama juu ya vijiti yanayoona kila upande. Mla-kaa mkubwa husimama kimya, hukimbia hatua chache, husimama tena. Kisha huchupa mbele ghafla na kuuchoma mdomo kabla kaa hajafika shimoni. Akimpata mdogo humeza mzima mzima. Akimpata mkubwa humtikisa na kumpiga mpaka magando na miguu imwachie, kisha humla vipande vipande. Kila hatua hapo ina hila yake. Ukikimbia upesi mno kaa hutumbukia. Ukichelewa hutumbukia vilevile. Ukimshika vibaya atakubana mdomo. Sisi wenyewe, tulio na vidole kumi, ni wangapi tunaoweza kumshika kaa-koko kwa mkono bila kufundishwa? Anayejua humshika kwa nyuma, na asiyejua hubaki na kovu.

Kwa hiyo yule mwenye rangi ya kijivu hadeki. Yumo chuoni. Ukimtazama kwa muda utaona kuwa baina ya kulia na kuomba hujaribu mwenyewe: hukimbia, hukosa, hurudi kwa mzazi. Mzazi naye hampi kila aombapo. Mara nyingine humpa kisogo akaendelea na shughuli zake. Kazi hii huendelea miezi kadhaa baada ya kuwasili, na kwa ndege wa topeni huo ni muda usio na mfano. Twasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi hudhani kuwa ulezi wa namna hiyo ni wetu wanadamu tu, au wa tembo na nyani. Kumbe upo mbele ya nyumba zetu, katika tope tunalolipita kwa kuziba pua.

Sasa hapa ndipo penye jambo zito. Kitwitwi akipoteza mayai manne aweza kutaga tena, na katika manne wawili wakifa wawili hubaki. Mla-kaa ana mtoto mmoja kwa mwaka, na mtoto huyo amefungamana na wazazi wake hata baada ya kuhama. Mzazi akifa Desemba, kinda hana wa kumlisha na ujuzi haujatimia. Ukihesabu hivyo, kifo kimoja ufuoni chaweza kuwa viwili. Wataalamu hukisia kuwa ndege hawa duniani ni kati ya 60,000 na 80,000, na kwa sasa hawakuwekwa katika orodha ya wanaoelekea kutoweka. Lakini idadi hiyo yote hutaga katika visiwa vichache mno, na mwenye mali yote katika kapu moja hana budi kuliangalia kapu.

Kapu limepata kutikisika. Mwezi wa Januari 1991, katika vita vya Kuwait, mafuta mengi yalimwagika kaskazini mwa Ghuba ya Uajemi na kuchafua mamia ya kilomita za pwani ya Saudia. Mafuta yaliingia mpaka katika mashimo ya kaa na kuwaua humo humo. Kwa ndege asiye na chakula kingine cha maana, kaa wakifa ni duka limefungwa. Katika visiwa vya kutagia kuna na balaa nyingine zisizo na makelele: paka na panya walioletwa na watu, ambao shimo la mchanga kwao si kizuizi, na wachukuaji wa mayai, ambao kwa kunyoosha mkono mmoja huchukua uzazi wa mwaka mzima wa jozi moja.

Na upande wetu je? Mida ina bahati. Hori hilo limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mikoko yake bado ni minene. Mikoko ni muhimu kwa mla-kaa ingawa yeye hali majani: majani yanayoanguka huoza, kaa hula uozo ule, na wale kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa kuliko jenzake na hulipunga kama mtu aitaye teksi, huishi kwa maelfu pembezoni mwa mikoko hiyo. Anayekata mkoko kwa kuni amekata pia meza ya ndege huyu, na ya samaki wachanga, na ya mvuvi. Wapo walioliona hilo mapema. Njia ya mbao na kamba inayopita juu ya mikoko ya Mida mpaka banda la kutazamia ndege ilijengwa ili kiingilio cha wageni kisaidie karo za sekondari za watoto wa vijiji vya jirani. Ni jambo la kupendeza kwamba ndege anayesomesha mtoto wake topeni anachangia kumsomesha wa binadamu.

Palipo na udhia ni mahali pengine, na wengi wetu hatupafikirii. Simlaumu mchimba chambo. Naye ana watoto, na uwanda wa matope maji yanapokupwa ni mpana, ndege humpisha akaenda upande wa pili. Udhia ni wakati maji yamejaa. Hapo tope lote limefunikwa, na ndege mamia husimama pamoja katika ulimi mdogo wa mchanga, shingo zimezama mabegani, wakipumzika na kungoja. Hawana pa kwenda pengine. Vijana wakiwakimbilia ili kuwaona wakiruka, au mbwa akiachiwa, au mashua ya injini ikipita karibu kwa mbwembwe, kundi zima huinuka na kuzunguka angani mpaka pakatulia. Likifanyika mara moja si kitu. Likifanyika mara tano katika maji moja, ni chakula cha usiku mzima kilichochomwa bure, na mwenye kukikosa kwanza ni yule anayengoja kulishwa. Watoto wetu hawafanyi hivyo kwa ubaya. Ni kwamba kundi la ndege likiruka lina fahari, nani asiyetaka kuliona? Waambieni kuwa litaruka lenyewe maji yakianza kupwa, na ni zuri vilevile.

Kwa wanaotaka kuwapeleka watoto kutazama, saa ni kila kitu, na saa hiyo haiko ukutani bali katika mwezi. Sisi tunaofuata miezi ya kuandama tuna faida hapa. Baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya usiku wa kumi na tano, huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hufikia karibu mita 4. Siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi na saa nne za usiku, na hujaa mnamo saa kumi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege huwa mbali sana, nukta nyeupe tu. Nendeni maji yanapoanza kujaa, saa mbili au tatu kabla ya kufika juu, na mkae kimya mahali pamoja. Maji yatawasukuma ndege mpaka karibu yenu bila nyinyi kuwafuata. Kanga na mitandio yenye rangi kali iacheni nyumbani siku hiyo; na darubini, hata ya kuazima, huondoa shaka zote.

Tena msiondoke mapema. Mla-kaa ana jicho kubwa, na hasa ni mtu wa machweo. Baada ya sala ya alasiri huanza kuchangamka, na wakati wa magharibi, joto linapopungua na kaa wanapotoka mashimoni, ndipo sauti zao huzidi: mlio mkali wa mkato kama mbwa mdogo abwekaye kwa mbali. Mbalamwezi ikiwepo huendelea kuwinda mpaka usiku mkubwa. Wavuvi wanaotoka baada ya isha huwasikia ingawa hawawaoni.

Mambo ya kutafuta msimu huu ni haya. Mkubwa ana kichwa cheupe safi, pengine na vichirizi vichache nyuma ya jicho, na mgongo mweusi ulio wazi. Mtoto mgongo wake ni wa kijivu, na utosini ana michirizi ya hudhurungi. Hesabuni mtoto anajaribu mara ngapi na anapata mara ngapi. Kisha rudini baada ya wiki nne mkahesabu tena, na matokeo mtuandikie, tutayachapisha humu.

Ikifika Aprili, wakubwa wataondoka. Wale wachanga si wote watakaokwenda nao. Baadhi yao, wakiwa hawajafikia umri wa kuchimba shimo lao, hubakia kwetu msimu wote wa kusi, mvua ya mwaka ikiwanyeshea. Hao ndio ndege ambao mvuvi huwaona Juni wakitembea topeni wachache wachache, bila mtu wa kumfuata nyuma, kila mmoja na kaa wake mdomoni.